Kupika bia nyumbani Mwanza pamoja na marafiki: maji ya ziwa, mtama na hamira

Mleta uzi (Mwanza)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Naufungua uzi huu kwa ajili ya watu wanaoipenda bia kwa ladha yake na ambao wangependa kuipika wenyewe nyumbani wakiwa na marafiki, hasa sisi tunaoishi Mwanza na sehemu nyingine za mwambao wa Ziwa Victoria. Ninaamini kwa dhati kwamba mji huu una karibu kila kinachohitajika: maji laini, mtama, joto la wastani, barafu, makapi ya mpunga na, zaidi ya yote, ujuzi wa kimea ambao mama zetu wameutunza tangu zamani. Tunavyopungukiwa ni kimea cha shayiri, hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu), hamira safi na kipima joto, na vyote hivyo vinaagizika. Kwa hiyo siafikiani na wanaosema kwamba upishi wa bia ni starehe ya Wazungu ambayo sisi tunaiiga tu. Mwambao huu umekuwa ukipika pombe ya nafaka kabla hakijajengwa kiwanda chochote, na tunachokifanya sasa ni kuongeza vipimo na usafi juu ya kazi ambayo tayari ni yetu.

Nianze na maji, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya bia ni maji. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yaani yana madini machache ya chokaa, na hilo ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1842, katika mji wa Plzeň ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, mpishi aliyeitwa Josef Groll alipika bia ya rangi ya dhahabu ambayo ndiyo mzazi wa karibu bia zote nyepesi tunazozinywa leo, na sehemu ya siri ya ulaini wake ilikuwa maji ya mji ule, ambayo yana madini machache mno. Maji magumu, kama yale ya Burton upon Trent kule Uingereza, huufanya uchungu wa hopsi uwe mkali na mkavu. Maji laini huuacha uchungu ukae kwa upole. Mtu wa Mwanza anayefungua bomba lake ameanza vizuri kabla hata hajawasha moto.

Hata hivyo, maji ya bomba yametiwa klorini, nayo ikikutana na viambato vya kimea huzaa ladha ya dawa ya hospitali ambayo haiondoki tena. Dawa yake ni rahisi: yakinge jana yake, uyaache usiku kucha katika chombo kipana kisichofunikwa kwa kifuniko bali kwa kitambaa chepesi, au yachemshe na kuyapoza. Kuchota moja kwa moja ziwani sikushauri hata kidogo. Moto unaua vijidudu, lakini harufu ya mwani hubaki, na baadhi ya mwani wa kijani unaotanda kwenye ghuba yetu una sumu ambayo haiharibiwi na kuchemsha.

Jambo la pili ni joto. Bia nyingi za viwandani ni laga, na hamira ya laga hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto kati ya 8 na 13, hali ambayo hapa haipatikani bila jokofu la kujitegemea. Anayeanza aachane nayo kwanza. Hamira za eli, yaani bia zinazochachuka kwenye joto la juu kuliko laga, hufurahia nyuzi 18 hadi 24, na chumba cha ndani chenye sakafu ya saruji, ndoo ikiwa imewekwa ndani ya karai la maji na kufunikwa kitambaa kilicholowa, kinaweza kukaribia hapo bila umeme. Lakini chaguo langu kwa Mwanza ni hamira za kveiki, ambazo wakulima wa magharibi mwa Norwei walizitunza katika familia zao kwa vizazi vingi. Hizi zinapenda joto. Nyuzi 30 na kuendelea, joto ambalo lingeiharibu hamira nyingine, kwazo ni hali ya kawaida, na humaliza kazi kwa siku chache tu. Sasa zinauzwa zikiwa kavu katika pakiti ndogo.

Sasa upishi wenyewe, kwa ndoo moja ya lita 20. Mimi na wenzangu tunatumia kilo 3 za kimea cha shayiri kilichoparazwa (kilichosagwa vipande vipande, si unga) na kilo moja na nusu ya unga wa mtama mweupe. Mtama mwekundu mara nyingi una ladha ya kukakamaza ulimi, na kile kinachokakamaza ndicho pia kinachovizuia vimeng'enya (viambato vya kimea vinavyougeuza wanga kuwa sukari) kufanya kazi, kwa hiyo mweupe ni salama zaidi kwa anayejifunza. Unga wa mtama unakorogwa kwenye lita 6 za maji pamoja na konzi ya kimea cha shayiri, kisha unachemshwa kama uji mwepesi kwa nusu saa huku ukikorogwa ili usishike chini. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa kuwa wanga wa mtama haufunguki kwenye joto lilelile linaloufungua wanga wa shayiri. Shayiri hulainika kabla ya nyuzi 65, ilhali mtama hudai karibu nyuzi 70 hadi 78, na kwenye joto hilo vimeng'enya vya kimea huwa vimeanza kufa. Ndiyo maana mtama unapikwa peke yake kwanza, kisha unarudishwa kwa shayiri ili vimeng'enya vya shayiri viugeuze kuwa sukari.

Wakati uji unachemka, kilo 3 za shayiri zinalowekwa kwenye sufuria kubwa yenye lita 10 za maji, mchanganyiko ukiwa na nyuzi 50 hivi. Uji wa moto ukimiminwa humo, joto la vyote huja karibu na nyuzi 65, nanyi mnakuwa mmefika mahali mnapopataka bila hesabu ngumu. Funikeni sufuria kwa blanketi kuukuu na muiache kwa saa moja au zaidi kidogo, mkihakikisha kipimo hakishuki chini ya 62 wala kuvuka 68. Kujua kama wanga umekwisha, chukueni tone la maji hayo, mliweke kwenye kisahani cheupe na mlidondoshee iodini ya duka la dawa. Likigeuka rangi ya bluu iliyokolea, wanga bado upo. Likibaki hudhurungi, kazi imekamilika. Onjeni pia: anayeijua togwa hahitaji kuelezwa utamu huo.

Kuchuja ndiko kunakohitaji mikono mingi. Mtama hauna maganda ya kuyapa maji nafasi ya kupita, kwa hiyo machicha yake hujigandamiza na kuziba. Tunachanganya makapi ya mpunga yaliyooshwa na kuchemshwa, ambayo kwenye mashine za kukoboa mpunga za Kanda ya Ziwa yamejaa tele, kisha tunachuja kwa kitambaa cha pamba na kusuuza machicha kwa maji ya nyuzi 75 mpaka tupate lita 24 hivi. Machicha yanapelekwa kwa mwenye nguruwe.

Maji hayo matamu yanachemshwa kwa saa nzima bila kifuniko. Kifuniko kikiwekwa, mvuke wenye harufu ya mahindi ya kuchemsha unarudi ndani, na harufu hiyo itawafuata mpaka kwenye glasi. Mkumbuke kwamba ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Uchungu wa hopsi unatoka polepole kidogo, wala msikate muda wa kuchemsha kwa kuona povu limetulia. Gramu 20 za hopsi yenye asidi ya alfa (kiambato chake cha uchungu) ya asilimia 10 zinaingia mwanzoni, kwa ajili ya uchungu. Gramu 30 nyingine zinaingia moto unapozimwa, kwa ajili ya harufu.

Kupoza kunapaswa kuwa kwa haraka, na hapa mji wa wavuvi una neema yake, kwa sababu barafu ya kuhifadhia sangara haikosekani. Sufuria inakaa ndani ya karai la maji na barafu, na maji ya karai yanakorogwa ili yaubebe moto. Barafu isiingie ndani ya bia yenyewe kamwe. Joto likifika nyuzi 30, au 20 na ushei kwa hamira za kawaida, miminieni kwenye ndoo kutoka juu ili ipate hewa, nyunyizeni hamira na mfunike. Mpira mwembamba unatoka kwenye kifuniko na kuzama kwenye chupa ya maji, gesi ipite kutoka na hewa isirudi.

Kuanzia dakika ile moto unapozimwa, kila kinachogusa bia lazima kiwe kimesafishwa kwa namna mbili: kwanza kuondoa uchafu kwa sabuni na brashi, kisha kuua vijidudu. Tunatumia kijiko kimoja kikubwa cha Jiki katika lita 5 za maji, tunaviloweka vyombo, na tunavisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Jiki isichanganywe na siki wala asidi yoyote, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.

Haidromita, kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa sukari iliyomo, itawaonyesha takriban 1.045 mwanzoni na 1.010 mwishoni, ambayo ni kileo cha asilimia 4.6 hivi. Msiiamini chupa ya maji iliyoacha kutoa mapovu. Kipimo kikibaki palepale kwa siku tatu mfululizo, ndipo bia imekwisha kuchachuka. Kwa chupa, wekeni gramu 6 hadi 7 za sukari kwa kila lita, zikiwa zimechemshwa katika maji machache. Zaidi ya hapo chupa zinaweza kupasuka na kumuumiza mtu, kwa hiyo mizani ndogo ni kifaa cha usalama. Chupa ziwe za rangi ya kahawia, kwa kuwa mwanga wa jua hukutana na hopsi na kuzaa harufu mbaya. Baada ya majuma mawili chumbani, zinaingia kwenye friji.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji (Bukoba)

Mkuu, hongera kwa maelezo ya kina. Mimi natoka kwenye rubisi, na ninakubaliana nawe kwamba kazi hii si ngeni kwetu. Sisi tunazikamua ndizi mbivu kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, tunaongeza maji, tunatia mtama uliokaangwa na kusagwa, na kesho yake kinywaji kipo tayari. Tatizo langu ni kwamba siku ya pili au ya tatu huanza kuwa chachu mno, na ningependa kukaa nayo walau juma moja ili wageni waikute. Je, nikiweka hamira ya pakiti nitaponea hapo?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Bukoba, hamira ya pakiti itasaidia kwa sehemu tu. Ndani ya mtumbwi wako kuna wakazi wawili wakubwa. Mmoja ni hamira inayotoka kwenye maganda, kwenye unga wa mtama na kwenye mti wenyewe, na mwingine ni bakteria wanaotengeneza asidi laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Hamira hutoa kileo, bakteria hutoa uchachu, na kwa kuwa juisi ya ndizi haichemshwi na haina hopsi, hakuna kinachowazuia bakteria. Hopsi zilipendwa na wapishi wa Ulaya kwa sababu hiyo pia: mbali na uchungu, zinawazuia bakteria wengi wa aina hiyo wasistawi. Ukitia hamira nyingi iliyo safi tangu mwanzo, itaiwahi sukari kabla ya bakteria, na kinywaji kikiwekwa mahali pa baridi kitachelewa kuchachuka, ila kitachachuka.

Kwa maoni yangu, rubisi isibadilishwe. Ni kinywaji cha kunywewa kikiwa kichanga, na uchachu wake mwepesi ndio uhai wake. Unachoweza kufanya kwa ajili ya wageni ni kupika kitu kingine kando: bia ya ngano kwa hamira ya Kijerumani ya aina ya weizen, ambayo yenyewe hutoa harufu ya ndizi mbivu na karafuu bila hata ndizi moja kuwekwa. Watu wa Kagera wataielewa bia hiyo tangu funda la kwanza.

Niongeze kwamba elimu ya hamira safi si ya zamani sana. Ni mwaka 1883 ambapo Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifanikiwa kuikuza hamira ya bia kutoka seli moja. Kabla ya hapo wapishi wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wakitumia mchanganyiko kama ulio ndani ya mtumbwi wako.

Mchangiaji (Ukerewe)

Mwanangu mleta uzi, mimi ni mama mtu mzima na nimepika pombe ya mtama na ya ulezi tangu ujana wangu. Umeandika vizuri, lakini sijaelewa kwa nini unautia mtama kama unga mtupu wakati mtama wenyewe unatoa kimea. Sisi tunauosha, tunauloweka usiku kucha, tunauchuja maji na kuutandaza kwenye gunia, tunaufunika na kuunyunyizia maji asubuhi na jioni. Ukishachipua vizuri, siku ya tatu au ya nne, tunauanika juani mpaka ukauke kabisa, kisha tunausugua mizizi itoke, tunaupepeta na kuusaga. Na hamira hatununui. Tunabakiza machicha ya pombe iliyotangulia kuanzishia inayofuata. Mbona hayo yote umeyaruka?

Mleta uzi

Shikamoo mama. Nashukuru sana kwa kuingia kwenye uzi huu, kwa sababu hakuna kitabu kitakachotufundisha kimea cha mtama kuliko wewe.

Niliweka unga mtupu kwa kuwa anayeanza hana namna ya kujua kama kimea chake kina nguvu ya kutosha. Kimea cha mtama kina upungufu wa kimeng'enya kimoja kati ya viwili vinavyoukata wanga, kile kinachotoa sukari ya moja kwa moja kwa hamira, na pia kina shida ile niliyoieleza ya wanga usiofunguka mapema. Ukikipika chote kwa moto mkubwa unaviua vimeng'enya. Ukikiacha kwenye nyuzi 65 wanga haufunguki. Lakini ipo njia ya kupika bia ya kimea cha mtama kitupu, na ni nzuri mno. Kimea kilichosagwa kinalowekwa kwenye maji ya nyuzi 45 hadi 50 kwa nusu saa, kisha kinaachwa kitulie. Yale maji yanayoelea juu, ambayo yamebeba vimeng'enya, yanachotwa na kuwekwa kando. Kilichobaki chini kinaongezewa maji na kuchemshwa mpaka kiwe uji. Uji ukipoa hadi nyuzi 70 hivi, yale maji ya kando yanarudishwa, joto linatua karibu na 65, na mnasubiri saa moja na nusu. Mimi naiona njia hii kuwa ndiyo mlango wa bia ambayo mtu ataionja na kusema hii imetoka ziwani, na ninatamani wengi wetu tuijifunze kwa bidii.

Kwenye kusugua mizizi nakuunga mkono kwa nguvu zote, na ningeomba vijana waisome sehemu hiyo mara mbili. Chipukizi la mtama lina kiambato kinachoitwa durini, ambacho huzaa sumu ya sianidi. Kukausha vizuri, kuondoa mizizi na machipukizi, na kuchemsha bila kifuniko ndiko kunakoipunguza mpaka kinywaji kiwe salama. Mama zetu waliufuata utaratibu huu bila maabara yoyote. Jingine ni ukungu: kimea kinachoota kikiwa kimerundikwa mahali pa joto hushika ukungu upesi, na punje yenye ukungu haiponi kwa kuoshwa. Kitupwe.

Kuhusu machicha ya kuanzishia, wakulima wa Norwei niliowataja walifanya jambo lilelile. Waliizamisha pete ya mti ndani ya bia inayochachuka, wakaianika, na ikahifadhi hamira mpaka upishi uliofuata. Hamira hiyo leo inauzwa duniani kote. Sioni sababu ya hamira ya Ukerewe kutotafutwa na kukuzwa kwa uangalifu wa namna hiyo.

Mchangiaji (Musoma)

Wakuu, mimi nina hofu mbili. Ya kwanza ni afya: tunasikia watu wakipofuka au kufa kwa pombe za mitaani. Ya pili ni sheria. Mleta uzi hajagusia lolote.

Mleta uzi

Kaka, hofu zako ni za msingi. Upofu husababishwa na methanoli, aina ya kileo chenye sumu, na bia iliyochachushwa kwa nafaka haitoi methanoli ya kiasi cha kudhuru. Hatari inakuja pale watu wanapovukiza pombe ili kupata kinywaji kikali bila ujuzi, na zaidi pale wauzaji wanapochanganya kemikali za viwandani. Katika uzi huu hatutajadili gongo. Ni marufuku kisheria, na si bia.

Hatari ya bia ya nafaka iko kwenye nafaka yenyewe. Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji kufuatia msiba. Mwanzoni ilidaiwa kuwa ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuja kubaini sumu iitwayo asidi ya bongkreki, iliyotengenezwa na bakteria waliostawi kwenye unga wa mahindi ulioharibika, na sumu hiyo haiondolewi na moto wa kupikia. Kwa hiyo unga uliolowa, ulionuka au uliobadilika rangi usipelekwe kwenye pombe kwa kisingizio kwamba pombe haichagui. Kanuni yangu ni kwamba nafaka ambayo nisingempikia mtoto uji, siipikii bia.

Kuhusu sheria, kuuza pombe kunahitaji leseni, na bia inayouzwa inatozwa ushuru. Tunachokizungumza hapa ni kupika kiasi kidogo, kunywa na marafiki walio watu wazima, na kutouza hata chupa moja. Hata hivyo, ni busara kumwona afisa biashara wa halmashauri yako kabla hujanunua vyombo. Na siku ya kunywa, mwenye pikipiki aiache.

Mchangiaji (Igoma)

Mkuu, ninasoma kwa makini, lakini naomba unisaidie jambo moja. Bia ya dukani inapatikana kila kona na hainipotezei Jumamosi yangu. Niliwahi kuonja bia moja ya kiwanda kidogo nikiwa Nairobi, ikawa chungu kama mwarobaini. Utamu wa jambo hili uko wapi?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Igoma, uchungu huo ulikuwa wa aina moja tu ya bia, ile ya hopsi nyingi, ambayo umaarufu wake ulianzia Marekani. Huko upishi wa bia nyumbani ulikuwa kinyume cha sheria ya nchi mpaka Rais Jimmy Carter aliposaini sheria ya kuuruhusu mwezi Oktoba 1978. Viwanda vidogo vingi vilivyofuata vilianzishwa na watu waliojifunzia jikoni kwao. Ken Grossman, kwa mfano, alikuwa na duka la vifaa vya upishi wa nyumbani mjini Chico, California, kabla ya kuanzisha kiwanda cha Sierra Nevada na kupika bia yake ya kwanza ya kuuza mwaka 1980. Bia yao maarufu hunukia ganda la balungi kwa sababu ya hopsi iitwayo Cascade. Vuguvugu hilo limefika na kwetu: Nairobi kuna 254 Brewing, Kampala kuna Banange. Lakini mtu hatakiwi kuanzia kwenye uchungu. Anayepika mwenyewe anaamua hopsi ziwe ngapi, na ile hesabu niliyoitoa mwanzoni inatoa bia ya uchungu wa kadiri, ambayo mnywaji wa laga anaizoea haraka.

Utamu wenyewe, kwangu, uko katika kujua. Ukishapika, unaanza kuonja kwa namna nyingine. Unaimimina bia kwenye glasi safi badala ya kunywea chupa, unainusa kabla ya kuigusa kwa midomo, na huiachi iwe baridi ya kuutia ganzi ulimi, kwa kuwa nyuzi 8 hadi 10 zinaipa harufu nafasi ya kutoka. Unamwambia mwenzako kwamba hii inanuka siagi, maana yake hamira haikupewa muda wa kumalizia kazi. Au inanuka tufaa bichi, maana yake imewekwa kwenye chupa mapema. Mazungumzo kama hayo hayapatikani pale ambapo bia ni ya kuhesabia chupa tu, na nimeona marafiki ambao walikuwa wakinywa sana wakianza kunywa kidogo kwa sababu wanasikiliza wanachokinywa.

Kisha kuna chakula. Sato wa kuchoma mwenye limau na chumvi anaipenda bia nyepesi ya mtama, kwa kuwa uchachu wake wa mbali unafanya kazi ya limau la pili. Sangara ana mafuta, na anahitaji uchungu wa kuyakata. Dagaa wa kukaanga wakavu, wenye chumvi, nimewala na stauti nyeusi yenye ladha ya kahawa, na sijaona sababu ya kubadilisha.

Kuhusu Jumamosi yako, siku ya upishi ina saa nyingi za kusubiri: saa ya kuloweka, saa ya kuchemsha, nusu saa ya kupoza. Mtu mmoja ataichoka. Watu wanne wanagawana kazi, mmoja akiangalia kipima joto, mwingine akichuja, mwingine akiosha vyombo, na wa nne akiwa na samaki kwenye mkaa. Gharama nayo inagawanyika kwa wanne, na lita 20 zinatoa chupa zipatazo 40 za nusu lita, ambazo ni za kugawana.

Mchangiaji (Ukerewe)

Mwanangu, marahaba. Nimeielewa ile njia ya kuyaweka maji kando, na kwa kweli bibi yangu alikuwa akichota maji ya juu kwanza, ingawa hakutueleza sababu. Mvua zikipungua nitaanika kimea cha mtama mweupe, kilo 5, nikiwa nimekisugua vizuri. Nitakituma kwa meli ya Nansio. Nataka kuona mtakifanyia nini, na nitatuma pia machicha makavu kidogo kwenye chupa.

Mleta uzi

Mama, tutakipokea kwa heshima kubwa. Tutakipika chote kwa njia ya kuyaweka maji kando, bila shayiri, kwa hopsi gramu 15 tu ili uchungu usiifunike ladha ya mtama. Baada ya kupoza tutaigawa bia katika ndoo mbili za lita 10: moja tutaitia kveiki, na nyingine tutaianzisha kwa machicha yako, zikae chumba kimoja na joto moja. Kabla ya hapo machicha yako tutayaamsha kwenye chupa moja ya maji ya kimea yaliyochemshwa na kupozwa, ili tuone kama yanatoa povu na kama harufu yake ni safi. Vipimo vya haidromita vya ndoo zote mbili nitaviweka hapa kila siku. Wachangiaji wa Bukoba, Musoma na Igoma, anayetaka kuwapo siku ya kuonja aniandikie faraghani, na aje na glasi yake.